Mwalimu, mbona shilingi uliiacha nyumbani?

Wadau, nimepotea kidogo. Si mnajua tena semista ya mwisho, tesiti juu ya tesiti, na bumu lenyewe lilichelewa mpaka tukaanza kuhesabu maharage sahanini... Leo nimepata upenyo. Nimekaa nje ya hosteli chini ya kimti chetu, upepo wa Dodoma unanimwagia vumbi kwenye kibodi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Ngoja nilitoe.

Wiki iliyopita tulikwenda bungeni, sisi wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu. Tukaacha simu mlangoni, tukakaguliwa, tukapanda kule juu kwenye viti vya wageni. Tukatangazwa, tukasimama, tukapigiwa makofi, tukakaa. Kwa dakika ile moja nilijiona mtu mkubwa kweli. Na kwa kuwa ni kipindi cha bajeti, nilidhani nitaona moto unawaka. Basi bwana, akasimama mheshimiwa mmoja (simtaji, na wala si wa kwetu). Akashukuru weee, akapongeza weee, akaomba daraja, akaomba gari la wagonjwa, akasema anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Kengele ikalia, akakaa. Akafuata mwingine, naye hivyo hivyo, isipokuwa yeye daraja lake lilikuwa zahanati.

Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Rombo, akaninong'oneza: "Mbona kama kikao cha kata?"

Sikucheka. Nilikuwa namkumbuka Mwalimu.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi natoka Sumbawanga. Ndiyo, huko huko. Najua utani wenu wote: radi mchana kweupe, mtu kusafiri kwa ungo, na kila matokeo yakitoka kuna mjinga mmoja lazima aje kuniomba nimtumie mhadhiri fulani "salamu za kwetu". Jina lenyewe wazee wanasema maana yake ni tupa uchawi, yaani sisi ndio tuliokatazwa, lakini nani anasikiliza? Kijiji chetu kiko Ufipa juu, kwenye uwanda, si kule bondeni Ziwa Rukwa kwenye joto na mpunga. Kwetu ni mahindi, maharage, ulezi, na baridi ya Julai inayokufanya uoge saa nane mchana. Jimbo silitaji na chama sikitaji, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu mtu ambaye bado naamkia kwa kupiga goti.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi. Mrefu, mkimya, koti moja la kijivu miaka yote. Mwaka 2014 nikiwa darasa la tano alitufundisha Uraia yeye mwenyewe, maana walimu walikuwa wachache na wakuu wa shule za vijijini hawakai ofisini kama mnavyodhani. Siku moja tukafika kwenye mada ya Bunge. Akachora duara ubaoni, ndani yake akaandika moja. Akasema: hii ndiyo silaha ya mbunge. Akaeleza kwamba wakati wa bajeti, mbunge asiyeridhika na majibu ya waziri anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri huyo, na asiiachie mpaka apate maelezo ya kueleweka. Wanaita kushika shilingi. Shilingi yenyewe si hela ya kununua hata pipi, lakini ukiishika waziri hawezi kwenda nyumbani akiwa ametulia.

Halafu akatoa sarafu mfukoni. Akamchagua binti wa mtendaji awe Waziri wa Elimu, mimi nikawa mbunge. Swali nililopewa lilikuwa hili: kwa nini shuleni kwetu chaki zimekwisha na huu ni mwezi wa pili tu? Waziri akasimama, akajinyoosha, akajibu kwamba fedha za kapitesheni hazijafika. Darasa zima likaanguka kwa kicheko, kwa sababu ndivyo Mwalimu mwenyewe alivyokuwa akiwajibu wazazi kila wiki. Na yeye akacheka. Kisha akaniangalia: "Mheshimiwa, umeridhika?" Nikasema hapana. Akasema: "Basi usiiachie." Nilikaa na ile sarafu mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na akasahau kuidai. Ninayo mpaka leo, sitanii.

Mwaka 2015 alistaafu, na Oktoba ile ile akagombea udiwani, akashinda bila jasho. Kwa kweli nani angesimama mbele yake? Nusu ya kata aliwafundisha kusoma, nusu nyingine aliwachapa viboko kwa kutokusoma. Na alikuwa diwani mzuri. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na yeye vikao aliviendesha kama mahudhurio ya darasani: anaita majina, anauliza kazi ya wiki iliyopita imefika wapi, asiyefanya anasimama. Mapato na matumizi ya kijiji yalibandikwa kwenye mbao za matangazo, yakiwa yameandikwa kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Ilifika mahali hata walevi wa kilabu cha pombe ya ulezi wakajua mifuko ya saruji mingapi imeingia zahanati na mingapi imebaki stoo.

Sasa ndio tunafika 2020. Mnaukumbuka mwaka ule. Kura za maoni, na ule utani wa "wajumbe si watu" uliozunguka nchi nzima. Mimi nilikuwa kidato cha nne, shule ya kata, ndiyo kwanza tumerudi madarasani baada ya likizo ile ndefu ya korona. Tukasikia Mwalimu amechukua fomu ya ubunge.

Mji wake ukageuka stendi. Asubuhi wageni, mchana wageni, usiku wageni. Hakuna aliyesema anataka rushwa, hapana, Mfipa ana adabu zake. Mtu anakuja kusalimia tu. Anakaa. Anasalimia tena. Anasema barabara mbaya siku hizi na nauli imepanda... na Mwalimu anaelewa. Mke wake alipika mpaka akaishiwa kuni. Kiinua mgongo alichokuwa amekibakiza kikaenda hapo, na mwishoni yakauzwa maksai wawili, wale weusi waliokuwa wanamlimia yeye na majirani watano. Aliyeishi Ufipa anajua nini maana ya kuuza maksai. Jembe linabaki ukutani.

Mama yangu alikuwa mjumbe. Siku ya mkutano nilimsindikiza, nikabaki nje na watu wa bodaboda, tukisikiliza dirishani. Wagombea walizidi ishirini, kila mmoja kapewa dakika zake chache. Nilikuwa nimejiambia kwamba Mwalimu akisimama ataibuka na ile shilingi. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilishawaambia hata wale jamaa wa bodaboda: huyu subirini, huyu ana kitu.

Akasimama. Koti lile lile. Akasema akichaguliwa kila shule itapata madawati, kila kijiji kisima, kila kata trekta la vijana, na kwamba atawanunulia akina mama mashine za kusaga. Akaahidi jezi! Yule aliyetuandikia ubaoni kazi tatu za Bunge na kutunyima alama tukiandika mbili, akaahidi jezi na mipira. Jamaa mmoja wa bodaboda akaniambia, "Dogo, hicho kitu kiko wapi?"

Alipata kura tisa.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda kumsalimia. Alikuwa anatengeneza kipini cha jembe la mkono. Nikajikaza nikamuuliza, kwa adabu zote, "Mwalimu, mbona ile shilingi hukuitaja?" Alikaa kimya muda mrefu, akaendelea kuchonga. Halafu akasema: "Mwanangu, kule nilikuwa nafundisha. Hapa nilikuwa naomba."

Sentensi hiyo nimetembea nayo miaka sita. Siku ya bungeni ndiyo nikaelewa kwa nini inanikera. Haikuwa kweli. Yaani alidhani kuomba kura na kufundisha ni vitu viwili, na mimi nadhani yeye kati ya wote ishirini na kitu ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kusimama pale akafundisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na swali kama lake.

Nifafanue. Mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, ule wa MMEM, ulipanga kila mwanafunzi wa shule ya msingi atengewe shilingi elfu kumi kwa mwaka. Elfu kumi ya 2002, wakati ule ni kama dola kumi hivi. Ukaja mpango wa elimu bila malipo, Januari 2016. Kiwango? Elfu kumi ile ile. Na katika hiyo, elfu sita ndiyo inakwenda shuleni, elfu nne inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Miaka kumi na minne chaki imepanda, karatasi imepanda, dola imepanda ikawa zaidi ya elfu mbili, mtoto wa Ufipa amebaki elfu kumi. Sasa niambieni, nani anajua maana ya elfu sita kwa mtoto kwa mwaka mzima kuliko mtu aliyekaa na daftari na kuigawa kati ya chaki, mtihani wa ndani na kitasa cha ofisi? Waziri anajua kwa karatasi. Mwalimu anajua kwa vidole. Hilo ndilo swali aliloniachia mimi darasani na sarafu yake, na ndilo alilopaswa kulibeba mwenyewe kwenda Dodoma. Akaliacha nyumbani, akabeba jezi.

Kuna wakulima pia. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Kwetu mavuno yalikuwa mazuri, na Tunduma ndio mlango wetu wa kuuzia. Mlango ulipofungwa bei ilianguka, watu wakabaki na magunia ndani, ada hazilipwi, mbolea ya msimu unaofuata hainunuliki. Uamuzi ule haukutoka ofisi ya kata wala baraza la madiwani. Hata Wakala wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wanunue tani ngapi kwa wakulima ni suala la fedha walizotengewa, na fedha hizo zinapita mbele ya Bunge. Kwa hiyo mtu anayesema "mbunge aniletee dawati" huku mahindi yake yamelala, mimi naona kama mtu anayemwomba fundi wa paa ampigie deki. Deki inahitajika, sikatai. Ila mvua inaingia, jamani.

Mwenzangu wa Rombo tulibishana naye hadi saa saba usiku. Yeye anasema mimi nina ndoto za darasani. Bila ahadi kura hupati, mwananchi mwenye njaa haelewi hotuba za katiba. Na ana hoja moja nzito, lazima niikubali: sheria yenyewe imechangia. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo jimboni kwake. Kwa hiyo mtu huyo huyo anayetakiwa kuisimamia serikali isile hela, anakaa na hela na kugawa mabati. Mwananchi akimwona na mabati mkononi atamwomba nini kama si mabati? Hapo mtu wa Rombo alinipiga chini. Nilinyamaza nikaenda kuchota maji.

Lakini kwenye kwamba mwananchi haelewi, hapo nakataa katakata, na ushahidi wangu unatoka kwetu kule kule. Waulizeni wazee wa Ufipa na bondeni kuhusu marehemu Chrisant Mzindakaya, aliyekuwa mbunge wa Kwela kwa miaka mingi na akafariki 2021. Walimwita mzee wa mabomu. Jina hilo hakulipata kwa madawati. Mwaka 2001 alisimama bungeni akalipua suala la vibali vya kuingiza sukari, mpaka waziri wa viwanda na biashara wakati ule, Idi Simba, akajiuzulu. Mimi nilikuwa hata sijazaliwa, lakini nimeisikia habari hiyo kilabuni, kwenye msiba, kwenye basi, imesimuliwa na watu ambao hawajamaliza darasa la saba, na wanaisimulia kama watu wanavyosimulia goli. Sasa mtu haelewi kazi ya mbunge, halafu anakumbuka siku mbunge alipoifanya kwa miaka zaidi ya ishirini? Haiwezekani. Anaelewa sana. Ila hajaiona mara nyingi, kwa hiyo anaomba kile alichozoea kukiona.

Na msiseme kwamba mkoa wetu unakwenda tu kama ng'ombe. Oktoba 2020 hiyo hiyo, jimbo la Nkasi Kaskazini lilimchagua Aida Khenani wa CHADEMA, akamwangusha Ally Keissy aliyekuwa amekaa miaka kumi. Katika majimbo 264 ya nchi nzima, hilo ndilo pekee chama chake kilichopata. Uwe wa chama chochote, utakubali kwamba watu wa Namanyere hawakupiga kura usingizini.

Niliwahi kumbana mama yangu. Nilidhani hakumpa Mwalimu kura kwa sababu ya zile ahadi za jezi, au kwa sababu kuna mwingine alisalimia vizuri zaidi (mama asome hapa asikasirike). Jibu lake lilinitoa jasho. Alisema: "Sisi tulimpenda pale alipo. Mtu anayekufaa nyumbani unampeleka huko kufanya nini?"

Jamani! Yaani kwa mama, na sidhani yuko peke yake, Dodoma ni mahali mtu mzuri anakokwenda kupotea. Kwa hiyo unampeleka yule ambaye hata akipotea hasara si kubwa. Nilimwambia mama hiyo ni hesabu mbaya. Akasema nami nisome kwanza ndipo nimfundishe hesabu. Ila hasara waliipata pande zote mbili: Mwalimu alipochukua fomu ya ubunge udiwani aliuachia, na yule aliyefuata, sina ugomvi naye, ila kwenye zile mbao za matangazo siku hizi kuna tangazo la mbuzi aliyepotea.

Walimu wenzangu watarajiwa hapa chuoni wana wimbo mwingine. Kila tukizungumza siasa lazima mmoja amtaje Kassim Majaliwa: alikuwa mwalimu, akawa kiongozi wa chama cha walimu, akawa mkuu wa wilaya ya Urambo, mwaka 2010 akagombea Ruangwa akashinda, na Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu hadi 2025. Wanaichora ile safari kama ngazi, unapanda tu. Ukiwauliza kabla ya kuwa Waziri Mkuu alisema nini bungeni kuhusu shule, hakuna anayejua, wanajua vyeo. Na Rukwa tulishakuwa na Waziri Mkuu wetu, Mizengo Pinda, tangu 2008 hadi 2015, ingawa 2012 kwao kulikatwa kukawa Mkoa wa Katavi tukabaki tunamdai undugu kwa mbali. Kuwa na mtu mkubwa si jambo baya. Nasema tu kwamba cheo si swali. Mimi ninachomuuliza mwalimu anayetaka ubunge ni hiki: unabeba swali gani?

Hata Nyerere, mnaomtaja kila mwezi wa kumi, mwaka 1955 aliambiwa achague kati ya kufundisha Pugu na TANU. Akaacha shule. Lakini jina la Mwalimu hakuliacha Pugu, alikwenda nalo, na alisimama kwenye majukwaa akieleza watu mambo magumu mpaka watu wa vijijini wakayaelewa. Huwezi kuniambia kwamba wajumbe wa jimbo letu mwaka 2020 walikuwa na akili ndogo kuliko babu zao.

Sasa mtaniuliza: je, Mwalimu angeshika ile sarafu mbele ya wajumbe, angeshinda? Sidhani. Labda angepata kura kumi na tisa badala ya tisa. Labda angepata nne. Maksai wangekuwa wameshauzwa vile vile. Lakini wajumbe mia kadhaa wangerudi vijijini wakijua kwamba kuna elfu sita, kwamba haijapanda, na kwamba kuna mahali maalumu ambapo mtu anaweza kusimama akamkaba waziri nayo. Aliyeshinda angekutana na hilo swali kila anakokwenda, kwenye harusi, kwenye maziko, kanisani Jumapili baada ya misa. Ndicho walimu wanachofanya, wanapanda kitu halafu wao wanastaafu. Alikuwa nazo dakika zake, ukumbi umejaa, watu wako kimya, wengi wao aliwahi kuwafundisha. Darasa kubwa kuliko yote aliyowahi kupewa. Na akaomba.

Simlaumu peke yake. Sisi tuliokuwa tunakwenda kwake kusalimia na kusalimia tena tulimfundisha kwamba hapo panaombwa. Mimi mwenyewe nilikula ule ugali. Nyama ilikuwa nzuri sana, nisiwe mnafiki.

Juzi nimempigia simu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, huko kwema? Baridi ipo?" Nikamwambia huku ni upepo tu. Nikamwambia tulikwenda bungeni, tukatangazwa, tukapigiwa makofi. Akafurahi kweli kweli, akamwita mkewe amweleze, nikasikia vigelegele kwa mbali. Halafu sauti ikashuka.

"Kuna aliyeshika shilingi?"

Nikasema, siku ile hapana, Mwalimu.

"Na chaki? Hakuna aliyeuliza?"

Nikasema hakuna. Akakaa kimya, nikadhani salio limekatika. Kisha akasema mahindi yake bado yako nje na wingu limekaa vibaya, anawahi kuyaingiza, tutaongea Jumapili.